Tundu Nyuma ya Picha ya Susana

Kwenye mlango wa ukumbi wa parokia yetu kumebandikwa karatasi kubwa ya rangi. Amechorwa mwanamke kijana, nguo yake imepasuka begani, kinywa wazi, macho yamemtoka. Nyuma yake kuna kivuli cha mtu mwenye kisu. Chini imeandikwa saa ya sinema na bei ya kuingia. Aliyeibandika aliiweka chini sana, hata mtoto wa miaka 6 anaiona bila kuinua shingo. Jumapili watoto wa katekisimu walipita hapo wakienda darasani, nasi tuliwaona wanasimama.

Jambo lenyewe lilianza kwa nia njema. Paa la ukumbi linavuja, mabati yanatakiwa, na mtu mmoja mwenye mashine ya kuonyeshea picha aliomba kuukodi ukumbi kila Jumamosi jioni. Kamati ikakubali. Hatuilaumu kamati kwa kutafuta mabati. Lakini tulipouliza zinaonyeshwa sinema za namna gani, tulijibiwa: "Za kutisha tu, vijana wanazipenda." Basi tulikwenda kuzitazama Jumamosi tatu, tukalipa kama watu wengine. Halafu tulirudi kwa wenzetu wa kamati na neno letu, nao wakatupa majibu matatu. Kwanza, huu ni mchezo tu. Pili, katika sinema hizi msichana mwenye tabia mbaya hufa na mwenye tabia njema hupona, kwa hiyo vijana wanafundishwa. Tatu, mojawapo inaonyesha mapadri wanamshinda shetani, tunataka nini zaidi? Majibu hayo hayakututosha, na leo tunaeleza kwa nini.

Tusisingiziwe kwamba tunakataa hadithi za kutisha. Nani kati yetu hakutishwa alipokuwa mtoto, usiku, karibu na moto? Kuna hadithi ya msichana aliyesahau kombe lake juu ya mwamba. Aliporudi kulichukua alimkuta zimwi, naye akamtia ndani ya ngoma. Zimwi alizunguka vijiji akiipiga ngoma ile, na watu walimlisha kwa sababu ngoma yake iliimba vizuri ajabu. Mwishowe alifika kijiji cha wazazi wa msichana, nao wakaitambua sauti ya mtoto wao. Tulipoisikia hadithi hiyo tulitetemeka. Lakini tulikuwa wapi wakati huo? Tulikuwa ndani ya ngoma pamoja na msichana. Tulimwogopa zimwi, tukangoja mama asikie. Hakuna msimulizi aliyetuambia tumtazame yule mtoto kwa macho ya zimwi anapomchagua, wala aliyesimama katikati ya hadithi kueleza mwili wake ulikuwaje.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Katika sinema hizi mtazamaji amewekwa mahali pa zimwi.

Tuchukue ile ambayo nyingine nyingi zimejifunza kwake. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitoa sinema iitwayo Psycho. Mwanamke mmoja, Marion Crane, anaiba dola 40,000 kazini kwake, anakimbia kwa gari, na usiku wa mvua anapanga chumba katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara. Mwenye nyumba ni kijana mpole, Norman Bates. Anampa mkate na maziwa, wanazungumza. Mwanamke anarudi chumbani mwake. Hapo Norman anakwenda ukutani, anaondoa picha iliyotundikwa, na nyuma yake kuna tundu. Anaweka jicho. Na mashine ya picha inatuweka sisi sote penye tundu hilo hilo, tukimtazama Marion akivua nguo.

Je, mnajua ile picha iliyoondolewa ukutani ilikuwa picha gani? Ni Susana na wale wazee wawili. Ndiyo, yule Susana wa kitabu cha Danieli, sura ya 13, ambayo sisi Wakatoliki tunaisoma katika Kwaresima. Wazee wawili, tena waamuzi, walijificha bustanini wamchungulie mke wa mtu anapotaka kuoga. Alipowakataa walimsingizia ili auawe. Lakini Maandiko hayakutuficha kichakani pamoja na wazee hao. Kilio cha Susana kinasikiwa, Danieli anawatenga wazee, anamwuliza kila mmoja walikuwa chini ya mti gani, nao wanajikana. Jicho lililochungulia ndilo lililohukumiwa. Katika sinema ile, Susana anatolewa ukutani ili jicho lipate nafasi. Hatudhani kwamba fundi mkubwa kama Hitchcock aliichagua picha hiyo bila kujua.

Maana fundi alikuwa, hilo hatumnyimi. Baada ya tundu, Marion anaingia chini ya bomba la mvua, na kisu kinakuja. Kuuawa kwake hakufiki dakika moja, lakini kulipigwa picha kwa siku 7, vipande vingi vidogo vidogo: mkono, tumbo, kinywa, unyayo, kisu. Tazameni kazi hiyo ilivyofanywa. Kabla kisu hakijamfikia, mashine imekwisha mkatakata. Na baadaye? Norman anaulaza mwili ndani ya gari na kulisukuma gari kinamasini. Gari linazama nusu, kisha linakwama. Norman anahangaika. Nasi ukumbini tukazuia pumzi: "Lizame!" Likazama, tukapumua. Tulipofika nyumbani ndipo tulipotambua tuliyoyafanya. Mwanamke amekufa dakika chache tu zilizopita, na sisi, watu wa Misa na Rozari, tulikuwa tunamwombea muuaji afanikiwe kumficha.

Hiyo ndiyo maana hatulikubali jibu la kwanza, eti ni mchezo tu. Mchezo unaoweza kuyageuza moyo wa mtu mzima kwa dakika 10 si kitu cha kupuuzwa kwa mtoto.

Mwaka ule ule wa 1960, katika Uingereza, mwongozaji mwingine aitwaye Michael Powell alitoa sinema Peeping Tom. Kijana mmoja anaua wanawake kwa kisu kilichofichwa katika mguu wa mashine ya kupigia picha, huku akiwapiga picha wakifa. Tena ameweka kioo mbele yao ili waone hofu yao wenyewe. Ni sinema chungu, wala hatumshauri mtu yeyote aonyeshe watoto. Lakini ilisema wazi kwamba mashine ya picha yaweza kuwa silaha, na kwamba aliyekaa kitini na kutazama ana sehemu yake. Waandishi wa magazeti ya London waliishambulia kwa hasira kubwa, ikaondolewa upesi, na kazi ya Powell katika nchi yake haikupata nguvu tena kama zamani. Psycho ilijaza majumba ya sinema. Aliyewaonyesha watazamaji uso wao alipigwa. Aliyewapa tundu la kujifichia alilipwa.

Wafanya biashara wakajifunza. Mwaka 1978 John Carpenter, Mmarekani, alitengeneza Halloween kwa dola 325,000 hivi, na katika Marekani peke yake ikaleta zaidi ya milioni 40. Hiyo tuliiona Jumamosi ya pili. Inaanza hivi: sisi ni macho ya mtu asiyeonekana. Tunaizunguka nyumba usiku, tunachungulia dirishani msichana na mpenzi wake, tunaingia jikoni, mkono wetu unachukua kisu. Kijana mwanamume anashuka ngazi akivaa shati, anakwenda zake. Sisi tunapanda. Tunavaa kinyago, na kuanzia hapo tunaona kwa matundu mawili. Msichana ameketi nusu uchi, anachana nywele. Tunamchoma. Kisha kinyago kinavuliwa, na muuaji ni mtoto wa miaka 6, ndugu yake mwenyewe.

Sinema ilipokwisha tuliwauliza vijana waliokuwa wakitoka ukumbini: muuaji anaitwa nani? Wote walijibu pamoja, "Michael!" Na yule dada yake? Walitazamana. Anaitwa Judith. Jina limesemwa, hata kwenye jiwe la kaburi limeandikwa, lakini hakuna aliyelichukua kwenda nalo nyumbani.

Sasa tulifikie jibu la pili, ambalo latuudhi kuliko yote kwa sababu limevaa kanzu ya dini. Eti msichana mwovu hufa, msichana safi hupona. Ni kweli kwamba katika Halloween anayepona ni Laurie, asiye na mpenzi, mwenye kulinda watoto wa jirani. (Aliyemcheza, Jamie Lee Curtis, ni binti wa Janet Leigh, yule aliyeuawa chini ya bomba katika Psycho. Biashara hii imerithiwa hata ndani ya jamaa.) Lakini huo ni utakatifu wa namna gani? Yule kijana aliyelala na Judith alikwenda nyumbani salama. Hakuna kisu kilichomfuata njiani. Kama hili ni somo la usafi, basi ni somo kwa wasichana peke yao, na mwalimu wake ni mwenda wazimu mwenye kinyago. Carpenter mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakukusudia kufundisha hivyo. Ni sisi waumini tunaompa kazi asiyoiomba! Walimleta kwa Bwana wetu mwanamke aliyefumaniwa, na mwanamume wake hakuletwa. Bwana aliwaonaje wenye mawe, sote twajua. Leo mzazi Mkristo anakaa katika ukumbi wa parokia, anamwona msichana anakatwa kwa sababu alivua nguo, naye anamwambia mwanawe: Unaona?

Tena wenye kutengeneza sinema hizi hawamvulishi nguo ili kumhukumu. Wanamvulisha kwa sababu nguo zilizovuliwa zinauza tiketi, kisha wanamwua ili mtazamaji asione aibu kwamba alifurahi kutazama. Kwanza anamtamani, halafu anamwadhibu kwa kuwa alimtamani. Wale wazee wawili wa bustanini wangeielewa hesabu hii mara moja.

Yuko mwanamke msomi wa Marekani, Carol Clover, aliyeandika kitabu juu ya sinema hizi mwaka 1992. Yeye anasema kwamba msichana yule wa mwisho anawafanya hata vijana wanaume waingie katika hofu yake, wakimbie pamoja naye, na kushinda pamoja naye. Tunaliheshimu neno lake, na kwa sehemu ni kweli: ukumbini mwetu Laurie alipomchoma muuaji watu walipiga makofi. Lakini ili tumfikie msichana huyo mmoja tumepitishwa juu ya maiti za wenzake, nao hawakupewa nafasi ya kuwa watu. Na makofi yale yamewaondoa wapi? Mwaka 1980 ilitoka Friday the 13th, nayo imezaa nyingine hata kufika 12. Mwaka huo huo Gene Siskel na Roger Ebert, wahakiki wawili wa sinema wa Chicago, walifanya kipindi kizima cha televisheni kuzipinga, wakisema zinamweka mtazamaji penye macho ya muuaji na kufanya hofu ya mwanamke kuwa burudani. Nao hawakuwa mapadri wala masista. Ila waliitetea Halloween kwa sababu ya ufundi wake, hapo hatuwafuati.

Jibu la tatu ni la The Exorcist, ya mwaka 1973. Twajua inapendwa na Wakatoliki. Mwandishi wake, William Peter Blatty, alikuwa Mkatoliki aliyesoma kwa Wayesuiti, na Wayesuiti wa kweli walicheza ndani yake. Mapadri wanatoa uhai wao ili kumwokoa mtoto. Vema. Lakini Blatty aliipata habari hiyo kutoka jambo la mwaka 1949 katika Marekani, na mtoto wa habari hiyo alikuwa mvulana. Katika kitabu amekuwa msichana, Regan. Blatty alisema alimgeuza ili yule mvulana asitambulike, nasi tunamsadiki. Hata hivyo, angaliyafanya ya sinema ile kwa mwili wa mvulana? Mambo anayofanyishwa mtoto yule kwa msalaba hatutayaandika katika gazeti linalosomwa na jamaa nzima. Uovu umepewa mwili wa msichana anayekaribia kuwa mwanamke, na wanaume wawili wanasimama juu ya kitanda chake. Kwa saa mbili tumemwona uchafu wake, tumemsikia matusi yake. Mwishoni amepona na hakumbuki kitu. Kuhusu yeye mwenyewe, anapenda nini, anafikiri nini, hatukujua zaidi ya tulivyojua mwanzoni.

Na kuna jambo la kweli kabisa ndani ya sinema hiyo. Ellen Burstyn anamcheza mama wa mtoto. Katika picha moja binti anampiga, na mama anaanguka nyuma sakafuni. Alikuwa amefungwa kamba kiunoni, na mtu aliivuta kwa nguvu. Bibi huyo alikuwa amekwisha mwambia mwongozaji, William Friedkin, kwamba anavutwa kwa nguvu mno. Akavutwa tena, akaumia mgongo. Picha ile haikutupwa, imo. Kilio tunachokisikia pale si cha kuigiza. Mwanamke yule anaumia kweli, na kila mara sinema inapoonyeshwa, hata katika ukumbi wetu Jumamosi ya tatu, watu hulipa kumsikia.

Hakuwa wa kwanza. Katika The Birds, ya mwaka 1963, Hitchcock alihitaji picha ya ndege wanaomshambulia mwanamke chumbani. Tippi Hedren aliambiwa watakuwa ndege wa mashine. Alipofika alikuta ndege hai, na kwa siku 5 wanaume wenye glavu nene waliwarusha juu yake, mpaka mmoja akamjeruhi karibu na jicho. Mwaka 2016, akiwa mzee, aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba Hitchcock alimtaka, na alipomkataa aliiharibu kazi yake. Basi mchezo umeishia wapi, na kweli imeanzia wapi? Mtuoneshe mpaka.

Wengine wetu watasema: hayo ni ya Wazungu. Lakini vijana wetu hutazama zaidi sinema za Nijeria, nazo pia zilianza na mwanamke aliyeuawa. Living in Bondage, ya mwaka 1992, ndiyo iliyofungua biashara ile kubwa ya video. Andy anataka utajiri, anaingia katika chama cha siri, anaambiwa amtoe mke wake Merit, mke mwaminifu aliyemtunza katika umaskini. Anamtoa. Utajiri unakuja, na Merit naye anarudi, mzimu, katika karamu, nyumbani, kila mahali, mpaka mume anapoteza akili. Tunakiri kwamba hapo kuna haki zaidi kuliko katika Psycho. Merit alikuwa mtu kabla ya kufa, na kifo chake hakikuzama kinamasini. Lakini nyingi zilizofuata zimemwacha Merit na kushika mwanamke mwingine: mama mkwe mchawi, mwanamke wa majini mwenye uzuri wa kunasa waume za watu, mjane mwenye nyoka. Uzuri wake ni mtego, uzee wake ni uchawi. Akiwa kijana atazamwe, akiwa mzee achomwe.

Hatusemi sinema ndiyo iliyoshika kiberiti. Lakini sisi watu wa Kivu twajua kwamba wanawake wazee wameuawa kweli vijijini kwetu kwa kusingiziwa uchawi, na katika miaka hii hii. Vijana waliofanya hivyo walikuwa wamekwisha ambiwa mara ngapi, na nani, kwamba uso wa bibi mzee ndio uso wa uovu? Mwenye ukumbi ajiulize kabla ya kuwasha mashine yake.

Pia tumeambiwa kwamba wanaume nao hufa katika sinema hizi. Hufa, tena wengi. Lakini hesabuni dakika. Mwanamume anapigwa gizani, ameanguka, tumesonga mbele. Mwanamke anakimbia, anaanguka, anaamka, anajificha kabatini, anapumua, analia, na mashine haimwachi. Kifo cha mwanamume ni habari. Cha mwanamke ni tamasha.

Wala si lazima iwe hivyo. Mwaka 2014 mwanamke mmoja wa Australia, Jennifer Kent, alitengeneza The Babadook, habari ya mjane na mtoto wake na kivuli kinachoingia nyumbani. Inatisha kuliko zote tatu tulizoziona ukumbini. Hakuna tundu ukutani. Tunaogopa pamoja na mama, na wakati mwingine tunamwogopa mama, lakini wakati wote ni mtu: anachoka, anakasirika, hana usingizi, anampenda mtoto wake na kumchukia saa ile ile. Tumempa mwenye mashine jina la sinema hiyo. Alisema haina damu ya kutosha, watu watadai feza zao.

Basi tumeiomba kamati mambo mawili. La kwanza, kabla ya kila Jumamosi watu watatu waitazame sinema, na angalau wawili wawe mama wa jamaa, maana hata sasa hakuna mwanamke aliyeulizwa. La pili, karatasi ya mlangoni iondolewe kabla ya darasa la katekisimu. Tumeambiwa kwamba mwenye mashine atakasirika na kukodi mahali pengine, na mabati yatakosekana. Tumekaa na fundi, tumehesabu: mabati yanayotakiwa ni 14. Sisi tulioandika haya tumekwisha leta feza za mabati 2, na mama mmoja anayeuza samaki sokoni ameahidi la 3. Mwenye kutaka kutoa la 4 amwone katibu wa parokia baada ya Misa ya pili. Karatasi bado ipo mlangoni.